Wasifu wa Mama Jenifa, Mwenyekiti wa Kikundi cha Mashine

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani na wote mliokuja kutufariji, mimi ni Marcel, mdogo wake marehemu. Naandika haya Jumatano mchana, yasomwe kesho kaburini, na kijana wa steshenari anazisubiri karatasi azichape. Nina uchungu, na nina hofu pia, na sababu yake mtaiona mbele.

Salvina Gelasius alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Ushirombo, mtoto wa tatu wa Mzee Gelasius na Mama Asteria, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo lilimuuma mpaka utu uzima. Hata hivyo, mwandiko wake ulikuwa mzuri, na nusu ya barua za maombi zilizotoka kitongoji hiki ziliandikwa kwa mkono wake.

Mwaka 1988 alikwenda Geita kupika chakula machimboni. Wachimbaji walimwita Mama Subiri, kwa kuwa hakupakua maharage mabichi hata siku duara, yaani shimo la mgodi, limetema na kila mtu anakimbilia mawe ya dhahabu. Mmoja wa waliosubiri bila kulalamika alikuwa Herman Bujiku. Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 1993, wakarudi nyumbani kulima mpunga, wakajaliwa Jenifa na Ezekiel.

Mwaka 2022 yeye na wenzake kumi na mmoja walianzisha Kikundi cha Wanawake Tuinuane. Serikali ilipotoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake na vya wanaume, wakapewa mashine ya kukoboa mpunga, kwa sharti kwamba wakaguzi waikute inafanya kazi na wanachama wote wapo. Wakishindwa, mashine inakwenda kwa kikundi kinachofuata kwenye orodha. Kinachofuata ni cha wanaume, na katibu wake ni shemeji yangu Herman. Tulimtania dada kwamba analala na mpinzani wake.

Wakaguzi walikuja mara ya kwanza tarehe 16 Julai mwaka huu. Kina mama walizima mashine, wakafagia banda, wakavaa vitenge vya sare na kuchinja kuku. Afisa, binti mdogo tu, akauliza, “Shikamoo mama. Mbona mashine imezimwa?”

Dada akajibu, “Marahaba. Mgeni anapokelewa kwa kelele, ng'wanawane, mwanangu? Kaa kwanza ule.”

Binti alikula, akashukuru, akaandika kwamba mradi haufanyi kazi. Wakapewa nafasi ya pili na ya mwisho: Alhamisi tarehe 11 Septemba, saa nane mchana.

Moyo wa dada ulikuwa umeanza kumsumbua tangu Mei. Alilazwa Mwanza mara mbili, akarudi na dawa na miguu iliyovimba. Jumamosi iliyopita alimwambia Jenifa, “Nikiondoka kabla ya Alhamisi, msizime ile mashine.” Jenifa akamwambia asiseme hivyo. Alifariki Jumatatu tarehe 8, saa nne asubuhi, mikononi mwa mumewe.

Padri ana nafasi ya kuzika Alhamisi saa nane tu. Nilimpigia afisa simu. Alitupa pole, akakubali kumwondoa marehemu kwenye orodha ya wanachama, lakini wakaguzi wanatoka mkoani na ratiba haibadiliki. Nanyi mnajua desturi yetu: maiti akiwa hajazikwa, kijiji hakishiki jembe wala hakiwashi mashine. Nilikwenda kwa wazee kuomba mashine iwashwe wakati wa mazishi. Mzee mmoja akasema, “Mnataka tumzike mwenzetu huku watu wanakoboa?”

Aliyejibu ni Herman. “Mfiwa ni mimi, wazee wangu. Wa kukasirika ningekuwa mimi, na mimi ndiye ninayewaomba.”

Wazee wakamwambia afanye kama marehemu alivyoagiza. Chakula cha msiba leo kimepikwa na kikundi cha wanaume, ili wake zetu wawe bandani. Ugali ukiwa na mabuje ya unga, tuvumiliane. Bado naogopa mafuta kuisha, mkanda kukatika, gari la wakaguzi kuchelewa, na ninyi kutuona hatuna adabu.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na wanawake kumi na mmoja ambao saa hii hawako nasi kaburini, ingawa hakuna waliompenda kuwazidi. Mkisikia mashine ikinguruma wakati jeneza linashuka, msinung'unike. Huo ndio wimbo wao wa kumuaga. Pakiwa kimya, hapo ndipo mlie.

Mungu ampe Salvina pumziko la amani.