Shimo Nililoshindwa Kuliacha

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Na wenzetu wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu, maana kikundi hiki ni chetu sote. Mwenyekiti ametaka kila mmoja aeleze lililomwangusha na namna alivyoinuka. Wengine mmesimulia ugonjwa, wengine msiba. Langu mimi ni shimo. Nyie wa Kiswere msianze kucheka, najua mnalijua.

Mke wangu kwao Kiranjeranje. Wakati huo bomba la mtaani kwetu lilikuwa limekufa, ikawa anafuata maji mbali, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Siku moja akateleza, goti likavimba. Akaniambia, "Baba watoto, fanya mpango wa maji, mie siwezi tena." Nikamjibu, "Nitakuchimbia kisima hapa hapa uani." Nilipotamka vile nilijiona mwanamume kweli kweli.

Nikaleta fundi, tukaanza. Hatukwenda chini sana, maji yakatoka. Matamu, lakini machache, ya kujaza sufuria tu. Mimi nikataka mengi. Tukashuka, yakaongezeka, ila sasa yana chumvi kwa mbali. Fundi akasema tukizidi hapo tunaifuata bahari. Nikamwambia, "Wewe chimba, chini ya chumvi kuna matamu." Mpaka leo sijui maneno yale niliyatoa wapi. Fundi akabeba sururu yake akaondoka. Nikaendelea peke yangu.

Ndugu zangu, nawaambia, kila nilipoamka nilikuwa na sababu moja tu ya kuchimba: kwamba jana nilichimba. Maji yalizidi kuwa chumvi, nami nikazidi kwenda chini. Mtu akinishauri niache, namuuliza, "Jasho lote hili liende bure?" Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ukapita nimo shimoni. Maua yakashikwa na ugonjwa wa ubwiri unga, yakakauka. Korosho za msimu ule tusizitaje. Na mke wangu, hapa ndipo panaponiuma, aliendelea kubeba ndoo na goti lile lile bovu, kwa sababu mwenye nguvu za kumsaidia yumo chini anamchimbia kisima.

Siku moja akachungulia pale juu, akasema, "Mie naenda kwetu." Hakufoka. Nilipopanda juu nikakuta kaondoka na watoto, nyumba kimya. Niliogopa, sitawaficha. Sasa mnajua nilifanya nini? Nilirudi shimoni! Nikajiambia, nikiacha sasa nitakuwa nimempoteza mke bure.

Mikono iliponichanika nikaenda Kiranjeranje kumfuata, na ahadi yangu mdomoni kwamba kisima kimekaribia. Wakwe wakanipokea vizuri, nikapewa chai. Mke wangu akakaa mkekani, hanitazami. Dada yake ndiye aliyeanza.

"Shemeji, nikuulize. Tuseme leo ndiyo unahamia Kiswere. Unapewa nyumba, uani kuna shimo la maji ya chumvi, kalichimba mtu mwingine. Utaingia kulichimba?"

Nikacheka. "Nani aingie kwenye shimo kama hilo? Mwendawazimu?"

Hakuna aliyecheka nami. Ndipo mke wangu akainua uso, akasema taratibu, "Mie niliomba maji. Kisima ulikitaka wewe."

Wallahi, maneno hayo mawili yalinitoa kule chini. Nilirudi nyumbani nikayazungusha kichwani. Tatizo letu lilikuwa maji, mimi nikaligeuza kuwa kisima, na baada ya hapo nikawa sioni kitu kingine. Kumbe bati ninalo, mvua inanyesha, mabega ninayo. Nikafukia lile shimo. Kulifukia kuliniuma kuliko kulichimba, kwa sababu kila koleo la udongo nalikumbuka lilivyopanda. Wenzangu wa kikundi hiki mkaja na majembe, hamkunisimanga. Mkanisaidia kufunga mabati ya kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa na kuweka tangi. Kwa kiangazi nikaunda toroli, na maji nayafuata mimi mwenyewe. Kuna waliosema nimekaliwa na mke. Sawa, lakini nyumba ina maji.

Siku hizi kabla ya jambo lolote najiuliza ninachotaka hasa ni nini, nisije nikaipenda njia nikasahau safari. Nikiwa katikati najiuliza kama nisingekuwa nimeanza, leo ningeanza? Na tunakubaliana mapema na mke wangu, kabla damu haijachemka, tukiona nini tutaacha. Mwaka jana tukajaribu kuku wa kisasa. Tulisema ugonjwa ukirudi mara ya pili, basi. Ukarudi, tukaacha, na usingizi nilipata. Sisemi sikosei tena. Nakosea, ila natoka mapema.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nawashukuru nyinyi mliokuja na majembe, na shemeji yangu aliyeniuliza badala ya kunitukana. Kama humu ndani kuna mtu yuko chini ya shimo lake, iwe shamba, iwe biashara, iwe ugomvi na ndugu, asihesabu alichokwisha kuchimba. Atazame maji anayoyatoa leo.

Na mke? Najua mnangoja hilo. Tulipomaliza kufukia nilimpigia simu, nikamwambia shimo halipo. Akauliza, "Lote?"

Nikasema, "Lote. Nimesimama juu yake."

Akasema, "Basi njoo utuchukue."