Kiti cha Hannah Katika Gari la Garama

Waliofika hapa nyumbani Kibuyuni leo, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, ni hawa: Hannah Jefwa, mke wa marehemu, aliyeketi pale mlangoni, binti yao Dama Garama, aliyetoka Mombasa, mwana wao Mwero Garama, ambaye nyumbani tunamwita Mwero mdogo, Bi Mwanasha Ramadhani, jirani, pamoja na kina mama wa mwani, fundi Salimu Boga wa Shimoni, mchungaji wetu, madereva wenzake wa zamani kutoka Diani, ninyi nyote ambao sikuwahi kupata majina yenu sawasawa, naomba mnisamehe, nami Mwero Garama, baba mzazi, niliyetakiwa na familia kusoma haya.

Garama Mwero alizaliwa Jumapili tarehe 3 Novemba 1968, Mackinnon Road, nilipokuwa karani wa stesheni, mama yake akiwa marehemu Dama, na kwa kuwa alikuwa mtoto wetu wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba yangu, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo tangu siku ile nilimwita baba, naye alipojua kusema akaniita baba, na hivyo ndivyo tulivyoitana maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Mackinnon Road kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari Kwale hadi kidato cha nne mwaka 1985, kisha akajifunza ufundi wa magari Mombasa kwa miaka miwili. Mwaka 1988 aliajiriwa udereva katika hoteli moja ya Diani, akakaa hapo hadi hoteli ilipofungwa mwaka 2012, na kwa kiinua mgongo chake alinunua kiwanja hiki tuliposimama na pikapu ya dizeli ya mwaka 1993, ambayo mnaiona pale kando ya kisima.

Alimwoa Hannah tarehe 16 Aprili 1994, kanisani Msambweni, na Mungu akawajalia Dama, aliyezaliwa mwaka 1996, na Mwero mdogo, aliyezaliwa mwaka 1999.

Kwa pikapu ile alibeba mwani wa kina mama wa Kibuyuni, na kanuni yake ilikuwa mwani mkavu tu, kwa kuwa mbichi hudondosha maji ya chumvi garini, lakini masika ya mwaka 2019 chanja zote za kuanikia zililowa, mwani ukaanza kuoza, kina mama wakamwomba auchukue hivyo hivyo ulivyo, naye hakuweza kuwakatalia, si mwaka ule wala miaka miwili iliyofuata. Kila jioni aliliosha gari kwa bidii kwa maji ya kisima chake, na ninyi wa Kibuyuni mnayajua maji ya visima vyetu, nayo ni ya chumvi, hata chesisi, fremu inayobeba gari zima, ikaliwa na kutu chini kwa chini, ikapasuka mwaka 2022, gari likawekwa juu ya mawe.

Tarehe 9 Februari 2023 Hannah alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa mazito, na daktari akaagiza mazoezi hospitalini Msambweni mara mbili kwa wiki. Alipelekwa kwa bodaboda, ameshikiliwa katikati, mpaka Agosti walipoanguka, na tangu siku hiyo alikataa kutoka nje ya mlango ule, si kwa mazoezi, si kwa kanisa, si kwa msiba wa dada yake. Garama alimwahidi kwamba atatoka kwa gari lake mwenyewe, na kwamba halitamwumiza.

Alianza kazi hiyo hapa uani Januari mwaka jana. Yeye na fundi Salimu walikata sehemu zote zilizooza, wakachomelea vyuma vipya, wakasafisha pampu ya dizeli na kubadilisha nozeli, wakashusha ngazi ya mlango, wakafunga kiti kinacholala, kilichotoka katika gari dogo lililopata ajali. Kisha akaanza kupunguza springi za nyuma, moja baada ya nyingine, ili gari lisirushe, na kwa kuwa hakutaka kulijaribu kwa Hannah, alilijaribu kwangu, akinikalisha katika kiti kile na kunipitisha kwenye mashimo ya njia ya Shimoni, akiuliza, "Baba, wapi panauma?" Nikimwambia kiuno, alirudi kulala chini ya gari.

Bi Mwanasha alipoona gari la mizigo haliwezi tena mizigo alisimama hapo uani na kusema, "Shemeji, gari letu la mwani umeligeuza kitanda cha bibi harusi?" Garama akamjibu akiwa chini ya gari, "Bibi harusi ni yule yule wa mwaka tisini na nne, Mwanasha. Kilichochakaa ni kitanda." Hannah alicheka ndani, na sote tulimsikia.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kuumwa kifua. Alikwenda peke yake kwa daktari, akaambiwa moyo umechoka na asinyanyue vitu vizito, naye akamwambia Salimu kwamba atapumzika gari likiisha, na kwetu akasema ni mkono tu, umeteguliwa na giaboksi. Gari lilikwisha Alhamisi tarehe 12 Juni. Hannah alikubali kwamba Jumatatu atakwenda mazoezini, akamwagiza Dama amletee kitambaa kipya cha kichwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni waliomtibu Hannah na waliompokea Garama, majirani wa Kibuyuni, Waislamu kwa Wakristo, mliopika na kuchimba, na wenzake wa Diani. Nimetanguliza shukrani kwa sababu sehemu iliyobaki ni fupi.

Jumamosi tarehe 14 Juni asubuhi alianguka pale kisimani. Salimu alimlaza katika kiti cha Hannah, akashika usukani, na tulipokuwa tukibishana nani aende naye, Hannah alijivuta kwa ukuta hadi mlangoni, akasema kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu augue, "Na mimi naenda." Tulimwambia hakuna nafasi. Alitoka nje. Bi Mwanasha alitandika godoro nyuma, akampakata Hannah, nami nikapanda nao. Gari lilikwenda vizuri, na Hannah hakuumia.

Garama Mwero, mwanangu, alifariki njiani, kabla ya kufika Msambweni. Apumzike.