Baba Hakuanguka

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Ni mimi, mdogo wangu.

FUNDI: Dada? Namba ya nani hii?

DADA: Ya jirani. Yangu baba kaibamiza ukutani.

FUNDI: Subiri nizime mashine, tunachomelea geti hapa... Haya. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Umekaa?

FUNDI: Baba amefariki?

DADA: Yuko hai. Nimempiga.

FUNDI: Umempiga vipi?

DADA: Kwa kigoda cha bafuni. Asubuhi namwogesha, akaniita jina la mama, akanikamata nywele, akaanza kunigongesha kichwa kwenye bomba. Miaka themanini na moja, hakumbuki kama amekula, lakini mkono ni uleule. Damu ikaniingia machoni. Nikapapasa, nikashika kigoda—

FUNDI: Ulikuwa unajitetea.

DADA: Pigo la kwanza, ndiyo. Akaniachia. Nikaongeza la pili. La tatu alikuwa ameshakaa sakafuni, uchi, amejikunyata, anajikinga uso. Nikampiga vilevile.

FUNDI: Dada...

DADA: Kapasuka kipaji cha uso, kashonwa nyuzi saba. Na kidole kimevunjika.

FUNDI: Nani kampeleka?

DADA: Yule binti mtafiti. Si nilikwambia, hospitali inafuatilia wazee wanavyotunzwa majumbani? Anakuja kila mwezi, anampima presha, anamkagua vidonda, ananiuliza maswali yake. Leo kaingia katukuta sote tumelowa damu. Akatuchukua, tukashonwa wote wawili.

FUNDI: Umemwambia nini? Mwambie ameanguka. Wazee wanaanguka kila siku, bafuni kuna sabuni—

DADA: Hata yeye aliniuliza hivyohivyo, kalamu mkononi. Ameanguka? Nikasema hapana, nimempiga mimi.

FUNDI: Una wazimu? Watakufunga!

DADA: Mama alianguka miaka thelathini katika nyumba hii. Alianguka jikoni, alianguka mlangoni, akaanguka na mimba ya yule ambaye angezaliwa baada yako. Kila mara hospitalini wakaandika ameanguka. Leo sikuweza kulisema neno hilo.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: ...binti akasemaje?

DADA: Aliweka kalamu chini. Akaniambia katika nyumba wanazotembelea si mimi peke yangu, ila wengi hawasemi. Na kwamba hawezi kunyamaza. Kesho anakuja afisa wa ustawi wa jamii. Baba halali tena na mimi peke yangu, ama aende wodi ya wazee, ama mtu mwingine amchukue.

FUNDI: Mtu mwingine ni nani?

DADA: Watoto wake tumebaki wangapi?

FUNDI: Mimi siwezi, dada. Unajua siwezi.

DADA: Najua ulikuja mwaka juzi, ukafunga mlango wa chumba chake kwa ndani. Mimi nilikuwa koridoni. Nilisikia. Ulipotoka hukuaga, na hujarudi tena. Kesho yake mbavu zake zilikuwa za zambarau. Nikamwambia nesi ameanguka.

FUNDI: Mbona hukuniuliza?

DADA: Nilikuwa nakuonea wivu.

FUNDI: Sasa unataka nini kwangu?

DADA: Sikuiti uje kumchukua. Wala sitaki umguse, na mimi simgusi. Nataka kesho ukae karibu yangu, tukisema tuseme wawili. Aende akatunzwe na watu wasiomdai kitu.

FUNDI: Nitawaambia.

DADA: Haloo? Unakatika.

FUNDI: Nasema nitawaambia nilichofanya.

DADA: Sikusikii, simu ya watu hii, salio linaisha—

FUNDI: Nilimpiga baba! Nilimpiga mpaka nikachoka mkono!

DADA: Hapo nimesikia.

FUNDI: Mafundi wameacha kazi. Wananitazama wote.

DADA: Waache watazame. Afisa anakuja saa tatu asubuhi, usichelewe.

FUNDI: Nakuja leo. Kichwa kinauma sana?

DADA: Kinauma. Kwaheri, jirani anataka si—

[Simu inakatika.]