Wankyo Motari na Mke Aliyemlipia Mahari

Marehemu Mama Wankyo Motari alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 karibu na Ogwedhi, Migori, binti pekee wa marehemu Mzee Wangwe. Wasifu huu unasomwa na Cliff, mtoto wa kaka yake. Kiti cha mchungaji pale mbele ni kitupu, na kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kufunika mambo, sababu itasemwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, mwaka 1968. Karo ikatosha kaka zake tu. Lakini kusoma alikuwa ameshajua, na hakuwahi kutia saini karatasi ambayo hakuisoma mpaka mwisho.

Kwa miaka thelathini na minane alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi, na mifugo yake ilifika hadi Homa Bay. Umri wa ng'ombe aliujua kwa meno. Siku moja muuzaji alimsifia dume mkongwe, eti bado kijana. Mama akamfungua dume kinywa, akacheka: "Huyu? Huyu ni wa kuwekwa mzee wa kanisa!" Wazee wa kanisa waliokuwapo sokoni walicheka kuliko wote.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa kanisani na Bwana Motari. Hawakujaliwa mtoto. Motari alipofariki mwaka 2001, mashemeji wakaanza kulipima shamba kwa macho. Mama akafanya walivyofanya wanawake wengi wa Kikuria kabla yake: mwaka 2004 alimwoa Sheila Mokua wa Awendo, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu aliyekubali mwenyewe, kwa mahari ya ng'ombe wanane, ili nyumba ya Motari isizimike. Sheila alizaa na mwanamume aliyemchagua, na watoto wakapewa jina la nyumba. Mila hii haiulizi nani analala na nani. Kanisa lilijua yote. Wazee wake walikula nyama ya sherehe, na wengine wamesimama kule nyuma, wanatazama viatu vyao.

Mwaka 2023, gumzo la ndoa za jinsia moja lilipowaka nchini, kanisa liliomba saini za kupinga sheria yoyote ya kuziruhusu. Mama alizunguka Suna na Uriri akizikusanya. Alisema serikali isije ikalilazimisha kanisa kufungisha ndoa lisiyoiamini, na neno hilo hakulirudisha hadi kufa. Kisha ikaja fomu ya pili, ya washirika wenyewe: "Sipo katika ndoa na mtu wa jinsia yangu." Washirika wengine wote walitia saini. Mama aliisoma mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, weka tu saini," Mchungaji Ondieki alimwambia. "Sisi tunajua wewe si wa hao."

"Mnajua, na mmeandika hivi? Sasa nikisema sina mke, zile ng'ombe nililipa za nini?"

"Ni fomu tu, Mama."

"Kumkana mtu si fomu. Na hao mnaowasema, kuna mmoja amewahi kuja hapa kuomba umfungishie ndoa?"

"Hapana."

"Basi mnaogopa nani, Pastor?"

Jumapili iliyofuata jina lake lilifutwa, baada ya miaka hamsini ya ushirika. Kwa saini zile alikuwa amesaidia kujenga ua wa kuzuia wageni, na wa kwanza kufungiwa nje akawa yeye.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Homa Bay. Sheila alimwogesha, akamlisha, akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Hakuna mzee wa kanisa aliyefika hata kumjulia hali. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025.

Ndipo ujumbe ukaja: mchungaji angezika, mradi kwenye ratiba ya mazishi Sheila aandikwe "mfanyakazi wa nyumbani". Kanisa lina uhuru wake, na hakuna hakimu wa kumburuta mchungaji makaburini. Hatubishi. Lakini uhuru wa kukataa kumzika mtu si uhuru wa kuandika uongo juu ya jeneza lake. Na aibu isiwe ya kanisa peke yake: Cliff, huyu anayesoma, aliyachapa maneno hayo. Alitaka mazishi yenye heshima. Alipomwonyesha Sheila, Sheila alisoma na kukunja karatasi vizuri.

"Sawa tu, Cliff," alisema. "Bora Mama aombewe."

Mama, alipoambiwa amkane Sheila, alikuwa amekataa, na ukoo wake ulikuwa karibu kumkana Sheila kwa niaba yake, maiti ikiwa bado mochari. Cliff alizichana karatasi zote, akampigia mchungaji simu kumwambia asije. Anaomba radhi kwa Sheila mbele yenu nyote.

Marehemu ameacha mjane, Sheila Mokua, aliyemwoa kwa ng'ombe wanane mchana kweupe. Watoto wa nyumba yake, Motari mdogo na Nyasuguta. Na watoto wa kaka zake, waliochelewa kupata ujasiri. Sheila ndiye atakayetia udongo wa kwanza. Asiyetaka kuona, njia ni ile pale.

Pumzika kwa amani, Mama Wankyo. Hasira tuachie sisi.