Bi Nieves Akabidhi Kibanio

Tarehe 28 Juni, Bi Nieves Perdomo atalitundika koti jeupe la karakana ya vioo baada ya kulivaa kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo kituo chetu cha kutazama jua kimebadilisha wakurugenzi sita, lakini fundi wa machujio amebaki huyo huyo. Nimeombwa niandike kwa ufupi. Aliyeniomba hamfahamu Bi Nieves.

Alipanda mlimani kutoka mji wa La Orotava akiwa fundi wa miwani. Hapa akakutana na chujio la darubini: bomba lililopangwa fuwele ndani kama sahani kabatini, zikiogelea katika mafuta, linalozuia mwanga wote wa jua isipokuwa uzi mmoja mwekundu. Mwaka wake wa kwanza aliirudisha fuwele moja ikiwa imegeuka robo duara. Jua likaonekana limepoa, halina mwale hata mmoja, na wanasayansi wetu wakaanza kuandaa makala kwa furaha kubwa. Bi Nieves akasimama mezani wakati wa chakula, kiazi mkononi, akasema, “Jua halina neno, jamani. Ni mimi.”

Tangu siku hiyo akawa mkali kama pilipili. Karatasi za kuchuja mwanga zilizomo ndani ya machujio ya zamani huchakaa na kuwa rangi ya chai, na kiwanda kilichoyatengeneza kilifungwa zamani. Wengi walishauri yatupwe. Yeye akayafungua moja baada ya jingine, akatoa karatasi zilizochoka, akatia mpya, akayavalisha na mikanda ya kuyapasha joto aliyoibuni mwenyewe. Picha zetu za leo ni bora kuliko za siku yalipotoka kiwandani.

Sheria zake zinajulikana. Hakuna kuzungumza juu ya chujio lililo wazi, kwa sababu pumzi huacha unyevu. Siku vumbi la Sahara linapovuka bahari na kutujia, mlango huzibwa kwa kitambaa kibichi. Hata Mkurugenzi Eulogio aliwahi kufukuzwa kwa sababu ya sweta lake la sufu: “Kalivue huko nje, baba. Hapa hatufugi kondoo.”

Februari iliyopita chujio kubwa lilififia. Bila hilo, kumbukumbu ya picha za jua tunazopiga kila siku, iliyoanza kabla wengi wetu hatujazaliwa, ingekatika. Bi Nieves aliniita mimi msaidizi wake karakanani, akanyoosha mikono juu ya meza. Ilikuwa ikitetemeka.

“Unaona, Airam? Nilisingizia kahawa. Nimeacha kahawa, na bado.”

Fuwele zile ni laini. Kibanio cha kuzishikia kikiteleza mara moja tu zinakwaruzika, na nyingine hatuna. Alikuwa ameficha jambo hili tangu Krismasi, na kulitamka kulimuuma, nilimwona. Kisha akanikabidhi kibanio chake, ambacho hakuna aliyewahi kuruhusiwa hata kukifuta vumbi.

Tulilizima joto, tukaliacha chujio lipoe polepole, ndipo nikalifungua. Yeye alikaa mbele yangu, mikono ameikalia. Kusema hawezi, sheria ni yake mwenyewe; basi akaniongoza kwa nyusi. Zikipanda, nisimame, zikishuka, niendelee. Nilipotaka kuigeuza vibaya fuwele ya nne, alikunja uso mzima hadi nikadhani anapiga chafya. Tulipomaliza alizungumza mfululizo mpaka kwenye maegesho ya magari.

Kesho yake chujio likarudi kwenye darubini. Kwetu aliyefungua chujio ndiye hutangulia kulitazama jua, na kwa miaka yote hiyo alikuwa yeye. Watu wakampisha. Akapita, akaenda kusimama nyuma ya mkurugenzi, nyuma hata ya mpishi wetu.

“Aliyefungua ni Airam,” alisema. “Mimi nitangoja zamu yangu.”

Nilitazama. Ukingoni mwa jua ulisimama mwale mwekundu, safi kabisa, ingawa macho yalinilowa na ikanibidi nitazame mara ya pili. Zamu ya Bi Nieves ilipofika alikaa pale muda mrefu, na sote tulijua anatafuta kosa. Mwishowe akainua kichwa.

“Kosa sikuliona,” alisema. “Sasa naweza kwenda.”

Ahsante, Bi Nieves. Nenda salama, ule ushibe, ulale mchana kadiri upendavyo. Sisi wa mlimani tunakupenda na tutakukumbuka kweli.