Kazi ya Bure Iliyokosa wa Kuipokea

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi ya ushuhuda hapa kanisani. Majina sitataja, kwa sababu aliyekosea katika habari hii ni mimi.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kabla sijahamia hapa Homa Bay, nilifundisha shule ya wasichana karibu na Suna. Mwalimu mkuu alinikabidhi wasichana kumi na wawili waliokuwa wakitafuta ile tuzo ya taifa ya vijana wanaojitolea. Sharti kubwa lilikuwa moja: kila msichana ajitolee kazi ya jamii kila wiki, mahali pamoja, miezi sita, na msimamizi wa pale atie sahihi kwenye kitabu chake. Nikajiambia, kazi ya bure nani ataikataa?

Ndugu zangu, ilikataliwa kila mahali. Zahanati walitaka barua ya ofisi ya elimu. Ofisi ya elimu wakasema barua hiyo hutoka kwa watu wa afya. Nilipozipata zote mbili, mkuu wa zahanati alikuwa amehamishwa, na aliyekuja hakutaka wanafunzi karibu na dawa. Makao ya watoto yatima yalitupokea Jumamosi moja. Wasichana wakafua, wakapigwa picha, halafu tukaambiwa turudi siku ya wageni. Sokoni karani akasema kufagia kuna watu wake. Mnacheka, lakini hebu nioneni nikipita mjini na wasichana wenye sare, mafagio mkononi, tukirudi shuleni bila kufanya lolote. Wiki tisa.

Nikachoka. Jumapili moja baada ya ibada nilikaa na vile vitabu, nikajaza mwenyewe: usafi wa zahanati, saa mbili. Nikatia sahihi isiyo yangu, vitabu vyote kumi na viwili. Nilikuwa na hasira na zile ofisi, na hasira ikaniambia nina haki.

Kesho yake asubuhi niliwarudishia vitabu. Mchana msichana mmoja wa kidato cha nne, Mkuria wa Ntimaru, mpole sana, alikuja na kitabu chake katika chumba cha walimu.

"Mwalimu, hapa imeandikwa nilifanya kazi zahanati. Sikufanya."

Nikamwambia achukue tu, hiyo si shida yake. Akakiweka mezani.

"Basi nitoe kwenye orodha, mwalimu. Tuzo ya hivi siwezi kumwonyesha mama."

Akatoka. Walimu wenzangu walikuwa wamesikia, na sikuweza kuinua uso. Siku hiyo hiyo nilimweleza mwalimu mkuu yote. Aliagiza tuanze upya, na wazazi niwaeleze mwenyewe. Niliwaeleza. Baba mmoja aliniuliza kama hata alama za mtihani huwa najaza hivyo.

Wiki iliyofuata nilikuwa sokoni nikinunua omena, wale dagaa wa ziwani. Mama aliyekuwa akiniuzia alishasikia habari yetu. Akaniambia wao wa sokoni wanasoma gumbaru, masomo ya watu wazima, kila Jumamosi, wajue kuandika, lakini watoto wao wachanga hulia mpaka somo linaharibika.

"Wasichana wako wakuje watushikie watoto," akasema. "Na wasikuje mara moja tu."

Tukaenda, Jumamosi hadi Jumamosi, hata mvua ikinyesha. Mwalimu wa gumbaru ndiye aliyetia sahihi. Kufikia mwezi wetu wa sita, akina mama walikuwa wakitia sahihi wenyewe.

Tisa walipata tuzo. Wale watatu wa kidato cha nne walimaliza shule kabla miezi haijatimia, na yule wa Ntimaru alikuwa mmoja wao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Namshukuru mwalimu mkuu, ambaye hakunifukuza. Namshukuru yule mama wa omena. Namshukuru zaidi msichana aliyenirudishia kitabu. Mwalimu mwenzangu, ukichoka, sema umechoka, usiandike kisichofanyika. Na nyinyi wenye ofisi, duka au darasa, mtoto akija kuomba kazi bila malipo, msimzungushe.

Hapa Homa Bay nina wanafunzi wengine wanane wanaotafuta tuzo hiyo. Jumamosi zao ziko wazi. Nitasimama pale mlangoni tukitoka, nani atawachukua?