Uso wa Faustina Uliobaki Bila Mdomo

Ndugu waombolezaji, mliotoka Mbeya na Iringa mjini, nanyi wenyeji wa hapa Ruaha Mbuyuni, familia inawaletea maisha ya mpendwa wetu Sosthenes Kasian Nyalusi, aliyezaliwa hapa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kasian na Mama Veneranda, aliyeachiana ziwa na mdogo wake Philbert, ambaye Sosthenes alimbeba mgongoni kwenye mashamba ya vitunguu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, 1992 hadi 1998, na sekondari mjini Iringa hadi kidato cha nne mwaka 2002, akabaki huko akiandika mabango kwa brashi, kisha Februari 2009 akafungua ofisi Mwanjelwa, Mbeya, akitengeneza kwa kompyuta kadi za harusi na picha za misalaba, na wengi wenu mmewazika wapendwa wenu kwa kazi ya mikono yake.

Tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Faustina, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2013, akafariki kwa homa tarehe 19 Aprili 2017, akiacha picha moja, ndogo, ya simu.

Picha hiyo ikikuzwa ilivunjika miraba miraba, lakini mstari uliochorwa kwenye kompyuta hauvunjiki hata ukiukuza ujaze ukuta, kwa hiyo Sosthenes aliiweka picha kwenye kompyuta chini ya mchoro, akawa anaufuatisha uso wa mwanawe juu yake, nukta kwa nukta, akimwahidi Severina kuuweka kwenye msalaba wa mtoto. Tarehe 9 Juni 2018, Sosthenes akiwa amemaliza nywele, masikio na macho, Philbert alifika kusalimia, akaokota mezani kadi ya kumbukumbu ya simu, iliyokuwa na picha hiyo, akaifuta bila kuuliza ili ajaze nyimbo za kwaya, akaondoka nayo. Kazi ilipofunguliwa mistari ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kisanduku kitupu, maana kompyuta ilikuwa imeelekezwa tu picha inakaa wapi, haikupewa picha yenyewe, kosa ambalo kwalo Sosthenes aliwagombeza kila wiki wanafunzi aliowafundisha kazi.

Alipekua ofisi nzima, akaamini kadi ameipoteza mwenyewe. Kwa miaka sita alichora mdomo kwa kukumbuka, akimwita Severina aangalie, naye akitikisa kichwa, hadi wote wawili wakakubali kwamba hawaukumbuki tena.

Novemba 2024 alianza kuugua ini, akalazwa mara tatu jijini Mbeya, akafariki tarehe 11 Mei 2025, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Mwanjelwa, na mafundi wenzake waliotengeneza picha hii nzuri iliyo juu ya jeneza. Anazikwa kando ya Faustina, ambaye msalaba wake una nafasi ya picha iliyo wazi mpaka leo.

Shemeji Severina, mimi Philbert nimejisoma kama mtu mwingine kwa woga, kadi niliifuta mimi, nikanyamaza huku kaka akijilaumu mpaka kufa. Kaka Sosthenes, pumzika wewe kwa amani, mimi sina.